Tablatura za besi za nyimbo zetu tuziandike wenyewe

Tablatura, yaani maandishi ya muziki yanayoonyesha pa kuweka vidole, ni kitu kizuri. Kijana wa Katuba au Kamalondo hapa Lubumbashi asiyejua kusoma noti anafungua simu, anaona mistari minne yenye tarakimu, na jioni hiyo hiyo anapiga kipande cha wimbo. Mistari ni nyuzi za gitaa la besi: Mi, La, Re, Sol. Tarakimu inaonyesha freti (kijichuma cha kwenye shingo ya gitaa) ya kubana, na 0 ni uzi ulioachwa wazi. Wanaoanza wakumbuke tu kwamba mstari wa chini kabisa ndio uzi mnene wa Mi, ingawa ukipakata gitaa ndio ulio juu, karibu na uso wako.

Kuna mahali tablatura inazishinda hata noti. Re ile ile utaipata kwenye uzi wa Re ulio wazi, kwenye freti ya 5 ya La, au freti ya 10 ya Mi, na kila mahali ina uzito wake. Tablatura inakuonyesha pa kuipiga.

Lakini tablatura nyingi za mtandaoni hazisemi sauti ianze lini wala ikatwe lini, na kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, hapo ndipo besi ilipo! Mpiga besi wetu huacha nafasi, huzima uzi kwa kiganja, kisha anarudi pale miguu ya wachezaji inapomngoja. Nasikia vijana wenye vidole vyepesi kwenye kwaya zetu hapa Lubumbashi wakizipiga tarakimu zote kwa urefu mmoja, na inaniuma, maana kipaji wanacho. Wimbo wenyewe ndio hawajausikiliza.

Kwa hiyo nasema: usipakue, andika. Imba besi kwa mdomo mpaka uiweze bila gitaa. Kisha itafute shingoni, iandike, na chini ya kila tarakimu weka hesabu: 1 na 2 na 3 na 4 na. Spika ya simu haitakusaidia, kwa sababu Mi iliyo wazi hutetema kama mara 41 kwa sekunde na spika ndogo hivyo haiwezi kuitoa. Vaa vya masikioni.

Pa kuanzia tunapo hapa hapa Katanga. Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada: gumba lilishika besi, shahada ikaimba juu yake. Fuata gumba peke yake, ulihamishie kwenye nyuzi zako nne. Sijui zoezi bora kuliko hilo kwa mpiga besi wa mji huu.

Na kila kwaya iwe na daftari lake. Leo mpiga besi akihamia Kolwezi kutafuta kazi, anaondoka na nyimbo zote kichwani, na anayempokea anaanza kubahatisha mbele ya waumini. Andikeni jina la wimbo, toni, mwendo, tablatura na hesabu zake. Rekodi ya mazoezi ihifadhiwe pamoja na daftari, ili mgeni aisikilize kwanza kabla ya kufungua ukurasa.