Namba ya Mama Inatumika

Juzi saa mbili usiku imeingia sauti kwenye grupu la familia. Ya mwanangu wa kwanza. Nikashtuka, nikadhani kuna msiba, maana huyu bwana kwenye grupu letu mchango wake ni dole gumba tu. Nikaweka simu sikioni.

"Yaani Mama siku hizi ukimpigia, inatumika. Ukiingia WhatsApp, yuko hewani. Saa nane usiku yuko hewani! Amekuwa kama hawa watoto. Ile simu ingebidi tumnyang'anye." Na nyuma yake namsikia mkwe wangu anacheka.

Kufumba na kufumbua ujumbe ukafutwa. Ulifutwa nimeshausikiliza mara mbili. Ulikuwa uende kwa mdogo wake, ukapotea njia. Asubuhi akanipigia, sauti imepakwa asali: "Shikamoo Mama, umeamkaje?" Marahaba baba, nimeamka na simu.

Sikumjibu zaidi ya hapo. Namjibu hapa, kwenye makala ambazo kila mara ananiambia anazisoma.

Kwanza, simu yenyewe alinunua nani? Alinunua yeye, mwaka 2019 nilipostaafu. Akanifundisha kwa dakika kumi huku jicho moja liko kwenye mpira, akaniachia onyo: "Mama, usibonyezebonyeze." Kusudi lilikuwa nipokee picha za wajukuu. Nilizipokea. Mwaka mzima zilikuja sita. Basi nikabonyeza.

Ambao hamjastaafu mnadhani kustaafu ni mapumziko. Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wale mliokuwa mkitucheka, tulioingia darasani na chaki tukiwa na miaka kumi na saba, watoto wamekaa chini mpaka mlangoni. Miaka 43 nimekwenda kwa kengele. Siku ya kwanza nyumbani, saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshafagia, nimeshafua, kuku wameshakula. Siku yote iliyobaki ikakaa mbele yangu kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Baba yao alikuwa ameshatangulia. Ukikohoa sebuleni, ukuta ndio unakuitikia.

Sasa hivi siku yangu haitoshi, na hilo ndilo linaloudhi watu.

Alfajiri nikishaswali nasikiliza sauti za dada yangu, yuko Maskati tangu miaka ya themanini. Zamani tulikuwa tukitumiana kaseti kwa wasafiri. Unaongea upande wa kwanza, unageuza, unaongea wa pili, kisha unangoja miezi minne kujua kama alicheka pale ulipotaka acheke. Leo namtumia kisa nikiwa nachambua mchele, kabla sijauinjika naye ameshacheka, na ameongeza umbea wake juu. Adhuhuri ni tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili. Nazijua fitina za jumba la sultani kuliko za mtaa wangu, na Tanga hapa fitina si haba. TikTok naangalia mbuzi na watu wanaopika. Sioni haya.

Hiyo saa nane ya usiku iliyomshtua nitamweleza pia. Usingizi wa umri wangu ni mfupi, mwanangu, na dari nimeshaikariri. Nilipokuwa msichana, kumsikia Shakila, yule mwimbaji wa taarabu, ilikuwa mpaka redio iamue. Vikundi alivyoimbia, Black Star na Lucky Star, vilikuwa vya hapa hapa mjini kwetu, lakini ukikosa tiketi ya dansa, ungoje Radio Tanzania ikukumbuke. Marehemu alitutoka mwaka 2016. Sasa saa nane usiku namwita, anakuja, ananiimbia chini chini chini ya mto mpaka nisinzie. Ulitaka nimpigie nani saa hizo? Wewe?

Haya, kuna mambo nayakubali, lakini msinishangilie. Mwaka 2020 nilisambaza zile habari za kutibu corona kwa malimao na kujifukiza kwa watu zaidi ya thelathini kana kwamba nimezisomea. Picha za waridi zenye "asubuhi njema" nazo nilizidisha, nimepunguza. Mstaafu mwenzangu alipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", akatuma kweli, sehemu ya kiinua mgongo ikayeyuka. Aliyemtumia ule ujumbe sidhani kama alikuwa mzee. Na miguu huvimba nikikaa sana, kwa hiyo jioni naenda Ngamiani kwa miguu, hata kama sina cha kununua. Kuhusu vifurushi vinavyokufa usiku wa manane na MB zangu tumboni, nitaandika siku nyingine nikiwa nimetulia.

Lakini tuseme kweli. Kinachomkera si macho yangu wala usingizi wangu. Zamani alikuwa akipiga Jumapili jioni, mlio wa kwanza haujaisha nimeshapokea. Dakika nne, tumemaliza: umekula, unameza dawa, haya Mama usiku mwema. Alipenda hivyo. Watoto mnapenda mama awe kama kituo cha basi. Hata usipopita, unajua kipo, na mwenye kungoja yumo. Mkisema "Mama pumzika", mnataka ningoje. Nikae barazani na kanga begani nitazame barabara, ili siku mtakayokuja Idi mnikute nimetazama upande wenu. Siku mama akiwa na shughuli zake, anaonekana ameharibika.

Na kuna kitu sikuwahi kumsimulia huyu kijana, labda kosa ni langu.

Bibi yake alijifunza kusoma akiwa na miaka kama arobaini. Kijijini kwetu Muheza, kwenye madarasa ya kisomo, chini ya mwembe, baada ya kutoka shamba. Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, watu kiasi cha milioni 2 nchi nzima walijikusanya kwa vikundi kusikiliza redio. Kikundi cha Mama kilikaa uani kwa mwenye redio. Mimi nilikuwa darasa la sita, nikipewa kazi ya kuwasomea kijitabu wale ambao herufi bado zinawapiga chenga. Kipindi kikiisha, wanabishana. Wakishabishana wanakwenda kuchimba choo. Mkiniuliza mimi, mitandao ya kijamii ilikuwa ile. Tena ile ikiisha unabaki na choo. Ya kwenu ikiisha mnabaki na nini?

Mwaka 1975 Mama akafanya mtihani wa kisomo wa taifa, akafaulu. Barua ya kwanza aliyoisoma mwenyewe ilitoka kwa mjomba. Akaingia nayo chumbani akafunga mlango. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa namsomea barua zake, kwa hiyo siri zake zote zilipita kinywani mwangu kwanza. Siku ile nilikaa nje ya mlango nikijisikia nimefukuzwa kazi. Alipotoka alikuwa anatabasamu na hakuniambia kitu, na mpaka leo sijui ile barua ilisema nini.

Halafu macho yakaanza. Alikuwa akishika gazeti, analisogeza mbali kidogo, mbali kidogo, ananyoosha mkono, mpaka mkono ukaisha. Miwani ilikuwa habari ya wakubwa wa mjini. Alisoma miaka kama sita, hiyo ndiyo kusoma kwake kote duniani. Jioni moja akanipa barua nyingine, akasema, "Nisomee." Sikumuuliza kwa nini. Nilisoma, yeye akatazama uani.

Macho hayo hayo nimeyarithi. Maktaba ya mjini naipenda, ila vitabu vya Kiswahili vinachapwa kwa herufi za kubania karatasi, utadhani wino unauzwa kwa ratili, na miwani yangu ina kikomo. Kwenye simu naweka vidole viwili juu ya kioo, navitanua, herufi inakuja kubwa kama niliyokuwa nikiiandika ubaoni. Kila nikivitanua namwona Mama na ule mkono wake. Hiki ndicho unachotaka ninyang'anywe, baba?

Sasa kuhusu kutumika. Tuko wastaafu watano, wote tulishika chaki. Mmoja ana mtoto wa jicho, bado anangoja upasuaji. Mmoja mkono unatetemeka, hawezi kushika kitabu. Mwingine anaona vizuri lakini tangu mumewe afariki hasomi peke yake, anasema maneno hayakai. Mjukuu mmoja, wa kwake huyo huyo mlalamikaji, ndiye aliyenifundisha kuunganisha simu. Nilinunua dakika za wiki, na kwa kuwa dakika zenyewe zisipotumika zinaoza, tukaamua tuzitumie. Kila usiku saa tatu nawaunganisha wote wanne, naweka kitabu kwenye taa, nawasomea. Sura moja. Wanabishana kama wanafunzi. Juzi ilibidi nimnyamazishe mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyewahi kuniandikia barua ya onyo mwaka 1988 kwa kuchelewa, kwa sababu alikuwa anaropoka mwisho wa hadithi. Nilimwambia, "Mwalimu, utatoka nje." Akanyamaza. Sikumbuki raha kama ile tangu nistaafu.

Choo hatujachimba. Ila yule wa mtoto wa jicho tumemchangia nauli ya hospitali, na mwenye huzuni sasa ndiye anayenikumbusha ikifika saa tatu kasoro dakika tano.

Kwa hiyo mwanangu, piga alfajiri, piga mchana tamthilia ikiwa kwenye matangazo, piga hata saa nane usiku ukikosa usingizi, nipo na Shakila. Ukipiga saa tatu usiku utaambiwa namba unayopiga inatumika. Tuko sura ya tisa, mke ameshaiona barua na mume hajui, na zamu ya kusoma ni yangu.