Mwalimu wa hesabu na pingili 104

Hii stori nimekaa nayo kwa aibu mda mrefu sana, ila kwa vile mchumba wangu keshaisimulia kwenye harusi mbili na msiba mmoja, bora niitoe mwenyewe kabla haijafika mbali zaidi.

Mi ni mwalimu wa hesabu, shule ya msingi, hapa Moshi. Naliweka hilo mapema maana ndo penye uchungu wenyewe.

Nina baiskeli ya mtumba niliyoiokota Kiborloni, gia 21, mbele sproketi (yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni) 3 nyuma 7, rangi imetoka ila roho bado ipo. Kwa mjini haina shida kabisa. Shida ni kwamba mchumba kwao Kibosho, na we kama umewahi kwenda Kibosho kwa baiskeli unajua ile barabara haipandi, imesimama. Nilikuwa nafika nimelowa mpaka mama mkwe mtarajiwa ananipa pole ya mvua. Mvua gani mama, jua linawaka.

Basi fundi mmoja pale Mbuyuni akaniambia dawa iko nyuma. Friwili yangu, yaani lile fungu la sproketi za nyuma, kubwa yake ilikuwa na meno 28, yeye anayo nyingine kubwa yake ina meno 34, sahani kabisa ile unaweza pakulia pilau. Meno mengi nyuma, mguu mwepesi mlimani. Nikanunua palepale, akanifungia, afu akaigusa cheni yangu akasikitika, "Mwalimu hii imevutika, ukiiweka kwenye meno mapya itayala mapema, chukua na cheni mpya." Nikachukua. Ipo kwenye kiboksi, pingili 116, lazima ikatwe iendane na baiskeli yako. Akasema lete nikukatie, nikaona hapa naibiwa, kukata cheni nako ni kazi ya kulipana? Nikamwambia ntakata mwenyewe. Akaniangalia akasema sawa, ila usije ukaipima kwa ile ya zamani. Nikamwitikia "ndiyo" ile ile ambayo wanafunzi wangu huniitikia nikiwauliza mmeelewa.

Nimefika home nimefanya nini? Nimeipima kwa ile ya zamani.

Nilizining'iniza zote mbili kwenye msumari wa mlangoni, nikahesabu ya zamani, 104. Mia moja kumi na sita toa mia moja na nne, kumi na mbili, hiyo hesabu darasa la pili wanaifanya wamesinzia. Nikatafuta msumari, nyundo na nati kubwa ya kuwekea chini, nikaanza kugonga pini itoke. Katikati ya kuhesabu mama wa jirani akapita, na huku kwetu salamu haikatwi, za nyumbani, za kazi, mifugo haijambo, na yule mjomba goti lake vipi, yaani alivyoondoka mi nilishapoteza hesabu nikagonga tu kwa imani.

Sasa kwa asiyejua, cheni ina pingili za aina mbili zinapishana, nyembamba na pana, ile nyembamba ndo inaingia ndani ya ile pana pini inapita. Mi nikashika huku, nyembamba. Nikashika kule, nyembamba. Nikageuza cheni nikidhani nimeishika vibaya. Nyembamba. Nimekaa na zile ncha mbili karibu nusu saa nazilazimisha ziingiane, mpaka nikaanza kuwalaumu waliotengeneza, ndo ikanijia taratibu kama mtu anayeamshwa: nimekata 11, zimebaki 105, na 105 ni witiri. Namba shufwa na witiri! Mada niliyofundisha jumatatu yake! Na nilimtoa mtoto mmoja nje kwa kutoielewa!

Nikakata moja zaidi, ikafunga. Vile vipande nikampa mtoto wa jirani akafanya bangili. Vikumbuke hivyo vipande.

Jumamosi nikavaa shati jeupe, kwenye keria nikafunga sukari kilo 2, majani ya chai, mkate na kitenge cha mama, safari. Chini huku mambo safi kabisa, gia zinaingia tik tik, najisikia kama nimeajiriwa upya. Mlima ulipoanza mtu mwenye akili angeshusha sproketi ya mbele iwe ndogo, na haki ya Mungu ningefanya hivyo ningefika salama. Ila kwenye kona kulikuwa na watoto wa darasa langu wanachota maji, wameshaanza "Ticha! Ticha!" na we mbele za wanafunzi huwezi ukaenda unazungusha miguu kama cherehani huku baiskeli imesimama. Nikabaki na kubwa ya mbele, meno 42, afu kwa mbwembwe nikaisukuma nyuma iende kwenye ile sahani ya 34.

Kubwa kwa kubwa.

Ule mkono wa gia wa nyuma, wenye vigurudumu viwili, ukajinyoosha kwenda mbele kama mbuzi anayevutwa machinjioni, cheni ikakaza ukiipiga kidole inalia kama gitaa, na mi badala ya kuacha nikasimama kwenye pedeli nikakandamiza. Kwaaa! Mkono ukapinda ukaingia kwenye spoku, tairi ikagoma, mi nikaendelea.

Niliinuka mwenyewe jamani, tusizidishe chumvi. Ila sukari ilipasuka, kitenge kikafunguka chote kikalala barabarani kama zulia la mgeni rasmi, na shati likachorwa grisi kifuani. Watoto walikuja kusaidia kukusanya, wana adabu sana, mmoja tu ndo akauliza, "Ticha, gia imekataa au umeteleza?"

Nikasukuma baiskeli mpaka ukweni. Baba yuko chini ya migomba anapaka mafuta baiskeli yake ya Phoenix, ile nyeusi ana nayo tangu ujana. Shikamoo baba. Marahaba. Hakuniuliza kama nimeumia, aliinama akaangalia nyuma ya baiskeli kwa mda, akavuta kigoda.

"Hii friwili mpya?"

"Ndiyo baba."

"Meno yameongezeka mangapi?"

"Sita."

"Cheni huwa inazunguka meno yote?"

"Hapana baba, nusu hivi."

"Nusu ya sita?"

"Tatu."

"Kwa hiyo umeongeza pingili tatu?"

Nikaangalia chini. Mlangoni kwa jikoni nikamwona mchumba kajiziba mdomo na kanga, mabega yanatikisika.

"Tatu haziwezekani baba. Ni witiri."

"Kwa hiyo ngapi?"

"Nne, baba."

"Zile nne uliongeza?"

"Hapana. Nilikata."

Akatikisa kichwa. Akaniambia ukibadilisha friwili ile cheni ya zamani isahau, we unaizungusha mpya kwenye kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye ule mkono, panapokutana unaongeza pingili mbili, ndo unakata. Mtu hajawahi kumiliki gia maishani mwake huyo. Afu akauliza vile vipande nilivyokata viko wapi, labda tuunge.

"Nimempa mtoto wa jirani, afanye bangili."

Hapo hakuna aliyeongea. Hata kuku walinyamaza.

Akaleta msumari na nyundo, wa kwake uko kwenye mkebe maalumu, akaung'oa ule mkono wote, akafupisha cheni tena, akajaribu sproketi moja moja ya nyuma mpaka akapata ile inayokaza vizuri na ya katikati mbele, akafunga. Dakika ishirini hazikufika. Baiskeli ya gia 21 imekuwa ya gia moja, kama Phoenix yake tu. Nikanywa chai ya rangi bila sukari, maana sukari iliyobaki ilikuwa na mchanga, nikashuka mjini nimeshika breki njia nzima.

Wiki iliyofuata wazee wetu wakapeleka barua, majibu yakaja na orodha ya mahari kama desturi, mbege, mbuzi, mablanketi, sina neno. Ila mwisho kabisa, kwa mwandiko tofauti na kalamu tofauti, kumeongezwa mstari: "Cheni ya baiskeli, 1. Pingili 116. Mkwe asiikate."