Reli ya nani, mpunga wa nani: Wakorea wanavyobishania miaka 35 ya Mjapani

Oktoba 1953, mjini Tokyo, wajumbe wa Japani na wa Korea Kusini walikuwa wakijadili madai ya mali yaliyobaki baada ya ukoloni. Wakorea walitaka fidia. Kubota Kan'ichirō, aliyeongoza ujumbe wa Japani, akajibu kwamba ikiwa ni kudaiana, Japani nayo ina lake la kudai: ilipanda miti kwenye milima iliyokuwa vipara, ikajenga reli na bandari, ikaongeza mashamba ya mpunga. Siku chache baadaye mazungumzo yalivunjika, na hayakurejea hadi 1958.

Maneno hayo si mageni kwetu. Nani hajawasikia wazee wakiisifu reli ya Mjerumani, iliyofika Kigoma mwaka 1914? Na tangu Walter Rodney alipokuwa akifundisha Dar es Salaam, tumewasikia pia wanaouliza reli ile ilibeba nini, na kumpelekea nani. Kinachoitofautisha Korea ni kwamba wanaoligombania zaidi swali hili leo ni maprofesa wa Kikorea wenyewe, kila upande ukiwa na daftari zake. Ugomvi huo umetoka madarasani ukaingia kwenye maduka ya vitabu, Ikulu na mahakamani.

Kuuelewa lazima turudi mwanzo wake. Mwaka 1902 mwanauchumi wa Kijapani Fukuda Tokuzō alizuru Korea, kisha akaandika kwamba jamii ile imedumaa, ipo pale Japani ilipokuwa karne ya 10. Japani ilipoitwaa Korea mwaka 1910, nadharia ya mdumao ikawa hoja ya kuhalalisha utawala: aliyelala hawezi kujiamsha, sharti aamshwe. Mkorea Paik Nam-un aliijibu mwaka 1933 kwa historia ya uchumi iliyosema Korea ilipitia hatua zilezile ilizopitia dunia nzima. Miaka ya 1960 Kim Yong-seop aliichukua kazi hiyo mbali zaidi. Alizichambua daftari za mashamba za enzi ya Joseon, ufalme uliotawala Korea kabla ya ukoloni, akadai kwamba muda mrefu kabla ya Mjapani kufika walikuwapo wakulima waliokusanya ardhi, wakaajiri vibarua na kulima kwa ajili ya soko. Kwa hiyo mbegu ya ubepari ilikuwa tayari imechipua, na ukoloni ndio ulioikanyaga.

Kizazi kizima cha wanafunzi kilisomeshwa hivyo, na ninaelewa kwa nini. Taifa lililoambiwa kwamba halina historia ya kwake lilihitaji watu wa kwenda kuitafuta kwenye makabati ya kumbukumbu. Lakini mche ulioonekana kwenye daftari za wilaya chache si shamba, na wachumi walipozidi kuhesabu waliona karne ya 19 ikiwa na mavuno yanayoshuka na milima inayokatwa miti. Hapo nadharia ya mche ilianza kuyumba.

Pigo kubwa likatoka kwa mtu wa ndani. Ahn Byeong-jik wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul alikuwa mchambuzi wa mrengo wa kushoto, tena mkali dhidi ya ukoloni. Katika miaka ya 1980 alibadili msimamo, na mwaka 1987 akashiriki kuanzisha taasisi ya utafiti wa uchumi ya Naksungdae. Yeye na wenzake, akiwemo Rhee Young-hoon, walijenga upya takwimu za pato la nchi kwa miaka ya ukoloni, wakapata kwamba uchumi ulikua kwa takribani asilimia 3 hadi 4 kila mwaka hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1930. Kwa zama zile, na hasa katikati ya mdororo wa dunia, huo ni mwendo wa kasi. Huko Marekani, mwanahistoria Carter Eckert naye alichapisha mwaka 1991 utafiti juu ya kiwanda cha nguo cha Kyungsung Bangjik. Kiwanda hicho kilianzishwa na Wakorea mwaka 1919, na kwa miaka mingi kilitajwa kama fahari ya mtaji wa kizalendo. Eckert alionyesha kwamba kilikua kwa ruzuku na mikopo ya dola ya kikoloni.

Jambo lililonishawishi zaidi kwamba watu hawa wasipuuzwe ni suala la upimaji wa ardhi wa 1910 hadi 1918. Vitabu vya shule vya Korea Kusini vilifundisha kwa muda mrefu kwamba upimaji ule uliwanyang'anya Wakorea asilimia 40 ya ardhi. Kila mtoto aliijua picha ya mpimaji mwenye bastola mkono mmoja na kifaa cha kupimia mkono wa pili. Baadaye nyaraka za upimaji wenyewe zilipatikana katika wilaya ya Gimhae, kusini, watafiti wakazisoma ukurasa kwa ukurasa. Wengi waliojitokeza kusema "hili shamba ni langu" waliandikishwa hivyohivyo. Mizozo mikubwa ilihusu ardhi zilizokuwa za jumba la kifalme na za serikali ya zamani. Hizo zikawa mali ya dola mpya, na nyingine zikaishia mikononi mwa kampuni ya Tōyō Takushoku, iliyoundwa na Wajapani mwaka 1908. Leo wanahistoria wengi, hata wasiokubaliana na Naksungdae kwa lolote lingine, hawaitetei asilimia ile ya 40.

Mtu anaweza kusema kwamba takwimu moja iliyozidishwa haibadili dhuluma yenyewe. Mimi naona inabadili mengi. Dhuluma ya kweli ikiegemezwa kwenye tarakimu ya uongo, siku tarakimu inapoanguka watu wanadhani na dhuluma imeanguka nayo. Hilo ndilo lililotokea kwa wasomaji wengi vijana huko Seoul.

Na dhuluma ilikuwapo. Ilikaa mahali ambapo picha ya bastola haikuonyesha. Upimaji ulimtambua mwenye shamba peke yake. Haki za kimila za aliyelima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno, ambazo kwingine ziliweza hata kurithishwa, hazikuandikwa. Upimaji ulipomalizika, kaya za wakulima wasio na shamba lao kabisa zilikuwa chini ya asilimia 40. Kufikia 1932 zilikuwa zaidi ya nusu. Mwenye shamba mkubwa, Mkorea au Mjapani, alikuwa na cheti mkononi na meli bandarini.

Meli zile zilibeba mchele. Baada ya ghasia za 1918 nchini Japani, watu walipoandamana kwa sababu ya bei ya mchele, serikali ya kikoloni ilianzisha mwaka 1920 mpango wa kuongeza mavuno Korea: mifereji, mbegu bora, mbolea. Mavuno yaliongezeka, lakini shehena za kwenda Japani ziliongezeka kwa kasi kubwa zaidi, hadi katika miaka ya 1930 karibu nusu ya mchele ikawa inavuka bahari. Kiasi cha mchele alichokula Mkorea mmoja kwa mwaka kilishuka kwa karibu theluthi kati ya miaka ya 1910 na mwanzo wa miaka ya 1930, na pengo likajazwa na uwele kutoka Manchuria. Wanahistoria wa uchumi hujibu kwamba mchele ule uliuzwa, haukuporwa, na kwamba idadi ya watu nayo ilikua. Ni kweli uliuzwa. Lakini aliyeuza ni mwenye shamba, na aliyehamia kwenye uwele ni aliyelima.

Ndiyo maana namwona Huh Soo-youl kuwa mtu muhimu kuliko wote katika mabishano haya. Alikuwa mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Chungnam, na alikataa kuwajibu wenzake kwa hasira tupu. Mwaka 2005 alizipokea hesabu za ukuaji, kisha akauliza jambo moja: mali hii ilikuwa ya nani? Alionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya mtaji wa viwanda ilikuwa ya Wajapani, waliokuwa takribani 700,000 tu mwishoni mwa utawala wao, na kwamba hali ya Mkorea wa kawaida haikuboreka kwa kadiri ile. Mwaka 1945, upande wa kusini, karibu watu wazima 4 kati ya kila 5 hawakujua kusoma wala kuandika. Hayo ni maendeleo ya eneo, si ya watu wake.

Kuna na hoja ya urithi: hata kama faida ilikuwa ya mgeni, je, viwanda havikubaki? Vilibaki, ila kaskazini. Kiwanda cha mbolea cha Heungnam, kilichojengwa na Noguchi Shitagau, kilikuwa miongoni mwa vikubwa duniani, kikiendeshwa kwa umeme wa mito ya huko. Mei 1948 Kaskazini ilikata umeme uliokuwa ukienda Kusini, na vita vya 1950 hadi 1953 vikabomoa mengi yaliyosalia. Kama mitambo ndiyo ingekuwa siri, Kaskazini ndiyo ingekuwa tajiri leo. Mwanasayansi wa siasa Atul Kohli alisema mwaka 1994 kwamba kilichorithiwa ni namna ya kutawala uchumi, na mtu hawezi kusahau kwamba Rais Park Chung-hee, aliyeongoza Kusini uchumi wake ulipopaa, alikuwa ofisa wa jeshi la Manchukuo, dola kibaraka ya Japani huko Manchuria. Miaka mitatu baadaye Stephan Haggard na wenzake walimjibu kwa kukumbusha mgawanyo wa mashamba baada ya ukoloni, vita, na mageuzi ya miaka ya 1960. Mimi niko karibu zaidi na Haggard.

Ninapoachana kabisa na baadhi ya watu wa Naksungdae ni pale walipovuka kutoka hesabu za mchele kwenda kwenye ushahidi wa watu. Kitabu chao cha Julai 2019 kiliuzwa sana, wakati Seoul na Tokyo zikigombana baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Korea Kusini ya 2018 kuhusu Wakorea waliofanyishwa kazi kwa lazima wakati wa vita. Waandishi wake wanapinga kwamba vibarua waliopelekwa Japani na wanawake wa vituo vya ngono vya jeshi la Japani walilazimishwa kwa namna inayosimuliwa. Takwimu za mishahara zilizoandikwa na mwajiri haziwezi kumnyamazisha Kim Hak-sun, mmoja wa wanawake hao, aliyesimama mbele ya kamera Agosti 1991 na kusema alichotendewa. Hata hivyo jibu la kitabu ni kitabu. Profesa Park Yu-ha, aliyeandika juu ya wanawake hao mwaka 2013 kwa njia iliyowaumiza manusura, alishitakiwa kwa jinai, na ni mwaka 2023 tu Mahakama ya Juu iliposema maneno yake ni maoni ya kitaaluma. Serikali ya Rais Park Geun-hye nayo ilijaribu mwaka 2015 kulazimisha kitabu kimoja cha historia shuleni, mpango uliofutwa 2017. Sioni nafuu yoyote katika kumwachia hakimu au waziri kazi ya mwanahistoria.

Mizani za uchumi pia haziwezi kupima lugha. Mwaka 1930, wakati Waingereza wakiunda kamati ya kusanifisha Kiswahili huku kwetu, Wakorea walikuwa wakisanifisha lugha yao wenyewe, na mwaka 1933 chama chao cha lugha kilitoa kanuni moja ya tahajia. Ukoloni wa miaka ile uliwaachia magazeti ya Kikorea, hata kituo cha redio. Tangu 1938 Kikorea kikaanza kusukumwa nje ya madarasa. Mwaka 1940 ikaja amri ya majina ya Kijapani, magazeti makubwa mawili yakafungwa, na Oktoba 1942 wakaanza kukamatwa watu wa chama kile cha lugha waliokuwa wakiandika kamusi ya Kikorea. Kesi yao iliendeshwa Hamheung, mji jirani na kile kiwanda cha mbolea cha Heungnam. Wawili, Lee Yun-jae na Han Jing, walifia gerezani.

Mswada wa kamusi, kurasa zaidi ya 26,000 za kuandikwa kwa mkono, ulikuwa kielelezo cha mashitaka, na rufaa ilipokatwa ukapelekwa Seoul. Septemba 1945, wiki chache baada ya Japani kusalimu amri, ulikutwa katika ghala la mizigo la stesheni ya reli. Juzuu ya kwanza ilitoka Oktoba 1947.