Punda wa Mikumi

Nilipoanza kujifunza kuchora wanyama pori kwa rangi za maji, mwalimu alinipa amri mbili. Kwanza, nyeupe ni karatasi yenyewe; ukishaifunika kwa rangi, ndiyo imekwenda. Pili, nyeusi usiitoe kwenye tyubu, changanya bluu na kahawia mwenyewe, ndipo mnyama anapata uhai. Kwamba nisichore ndani ya basi hakuniambia. Nadhani aliona haina haja.

Dada yangu wa Iringa alikuwa amehamia nyumba mpya, nikamwahidi punda milia wa kutundika sebuleni. Nikapiga hesabu za kijanja: basi la Dar kwenda Iringa linakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kilomita kama 50, na punda milia husimama kando ya lami kama wanaosubiri usafiri. Kiingilio cha nini? Nikakata siti ya dirishani.

Jirani yangu alikuwa mzee wa kanzu nyeupe, imenyooshwa pasi mpaka unaogopa kuisogelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Anakwenda kumwozesha binti yake. Nikaha kesho, ila upande wa bwana harusi unampokea leo stendi. Tulipoingia hifadhini nikatoa vifaa, na kopo la maji nililotengeneza kwa kukata chupa. Mzee wa watu, kwa ukarimu wake, akasema, "Lete nikushikie."

Punda milia wakatokea. Basi halikusimama, kwa hiyo niliwaona kwa muda wa kupiga chafya mbili: milia myembamba usoni, mipana matakoni. Nikapaka kivuli cha mwili, na badala ya kusubiri kikauke, nikaanza kutia milia juu ya umajimaji. Brashi ikaingia kwenye kopo la mzee mara ishirini hivi. Maji yakawa kama ya kuoshea masufuria.

Mikumi kuna matuta, yamewekwa madereva wasigonge wanyama. Dereva wetu aliyakumbuka tulipokwisha kulipanda la pili.

Nusu ya maji ilikuja kwangu, nusu ikaenda kwa mzee. Pale karatasini milia yote ikayeyuka, ikabaki rangi ya majivu, masikio na miguu minne. Mzee akainama kutazama.

"Huyu punda wa nani?"

"Punda milia, mzee."

Akatazama karatasi. Akatazama kifua chake, ambapo michirizi minne ya bluu na kahawia ilikuwa inashuka taratibu.

"Milia ninayo mimi."

Ningenyamaza hapo, afadhali. Rangi mbichi hunyonywa kwa kitambaa kikavu, unagusa na kuinua. Hilo nilifundishwa wiki ya kwanza. Lakini mikono ilikuwa imeshachanganyikiwa, nikalowesha leso na kusugua. Ukiongeza maji kwenye rangi inayoanza kukauka, hutanuka na kuchanua pembeni kama koliflawa. Kanzu ikachanua tatu.

Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu wakaja madirishani. Mama mmoja akamwona mzee, akaweka ndoo chini ili acheke vizuri, kisha akaleta chumvi: "Paka hii, doa linatoka." Mimi najua kazi ya chumvi kwenye rangi za maji. Inanyonya rangi na kuacha nyota nyota. Wachoraji huitumia kuchora theluji. Lakini nilikuwa na uso gani wa kumkatalia mtu msaada? Nikakaa kimya, mzee akapakwa.

Mlima Kitonga tuliupanda bila kusemezana, yeye na milia yake, maua yake na nyota zake, mimi na punda wangu.

Stendi ya Iringa walikuwa wanamsubiri wanaume watano wa balaghashia. Mkubwa wao akaitazama ile kanzu kutoka shingoni hadi pindoni, akakosa pa kuanzia. Mzee akaikung'uta chumvi, akanyoosha mkono.

"Assalamu alaykum. Tumepitia mbugani."