Sahani ya agari inathibitisha nini kuhusu mikono iliyooshwa?

Katika maabara nyingi za mikrobiolojia zoezi la kwanza huwa hili: mwanafunzi anabonyeza vidole kwenye nusu moja ya sahani ya agari, yaani rojo lililoganda lenye chakula cha bakteria, kabla ya kunawa, anabonyeza tena kwenye nusu ya pili baada ya kunawa kwa sabuni, kisha sahani inakaa kwenye inkubeta yenye nyuzijoto 37 kwa saa 24 hadi 48. Hutarajiwa kwamba nusu ya pili itakuwa na makoloni, yaani vishada vya bakteria vinavyoonekana kwa macho, machache. Pale inapokuwa na mengi zaidi, wapo wanaosema kuwa zoezi hili linapotosha na heri liachwe.

Hoja yao ina uzito. Ngozi hubeba bakteria wapitaji, waliookotwa kwenye vitasa, simu au nyama mbichi, na bakteria wakazi, kama vile Staphylococcus epidermidis, wanaoishi katikati ya tabaka za ngozi na kwenye vitundu vya vinyweleo. Sabuni na msuguano huwaondoa wapitaji, ila huwalegeza wakazi na kuwapandisha juu, hivyo vidole vilivyooshwa vizuri, hasa vikiwa bado na majimaji, vinaweza kuacha makoloni mengi kuliko vilipokuwa vichafu. Anayehesabu bila kutofautisha ataondoka akiamini kuwa kunawa ni kazi bure, na hilo ni funzo la hatari. Isitoshe, virusi haviwezi kabisa kuota kwenye agari, na bakteria wengi wa udongo na maji hawastawi katika joto la mwili wa binadamu, kwa hiyo hata sahani tupu haitoshi kuthibitisha usafi.

Hata hivyo, naona kosa liko kwenye swali tunaloiuliza sahani. Mwaka 1847, daktari wa uzazi Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wa Vienna wanawe kwa maji ya chokaa yenye klorini, na vifo vya akina mama waliojifungua vikapungua sana, lakini wenzake wengi hawakumsadiki, na zaidi ya takwimu hakuwa na cha kuwaonyesha kwa macho. Sisi tunacho. Mtu aliyeona alama za vidole vyake mwenyewe zimejichora kwa nukta nyeupe hahitaji kuhubiriwa.

Kinachohitajika ni kubadili agari. Kwenye agari ya MacConkey wakazi wa kawaida wa ngozi huzuiwa kuota, ilhali Escherichia coli (E. coli), bakteria wa utumbo, huota makoloni mekundu yaliyoelekea waridi, na hapo tofauti ya kabla na baada ya kunawa inawahusu wapitaji tuliokuwa tukiwatafuta. Kipimo rasmi cha Ulaya cha sabuni za mikono, EN 1499, hufuata mantiki hiyo hiyo: mikono huchafuliwa kwanza kwa E. coli asiye na madhara, kisha hupimwa ni wangapi wamebaki. Pamoja na hayo, mikono ikaushwe kabla ya kubonyezwa, na sahani moja isiyoguswa iachwe wazi mezani kwa muda ule ule ambao sahani ya vidole ilikuwa wazi, kisha iwekwe nayo kwenye inkubeta, kwani ikiota makoloni mengi, sehemu ya idadi tunayoihusisha na vidole huenda imetoka hewani.