Ufunguo Kwanza, Ila Nyumba Iko Wapi?

Asiye na makazi anayelala kwenye bweni la dharura huamshwa alfajiri, akakunja blanketi, na jua halijapanda yuko nje na begi lililobeba kila alichonacho. Jioni anarudi kupanga foleni upya, akiomba vitanda visiwe vimejaa. Kati ya asubuhi na jioni hiyo tunamtaka atafute kazi, ahudhurie kliniki, na ajaze fomu inayodai anwani. Anwani ipi?

Sera ya "nyumba kwanza", iliyoanzia New York mwaka 1992, iligeuza utaratibu huo: mtu apewe ufunguo na mkataba wa upangaji sasa, bila kushurutishwa kuacha pombe kwanza, na matibabu yamfuate hapo hapo. Helsinki, mji mkuu wa Ufini, imeishika kwa dhati. Mwaka 1985 jiji hilo lilikuwa na vitanda zaidi ya 2,000 vya mabweni ya dharura. Mwaka 2016 vilibaki 52. Hosteli moja ya Jeshi la Wokovu iligeuzwa kuwa nyumba 80, kila mpangaji na mlango wake na jina lake kwenye mkataba.

Wanaoipinga sera hii wana hoja, na si watu wa roho mbaya kama wanavyosemwa. Wanataja gharama. Mwaka 2016 wapiga kura wa Los Angeles waliidhinisha mkopo wa dola bilioni 1.2, lengo likiwa nyumba 10,000 kwa miaka 10. Wastani wa gharama ya nyumba moja ukakaribia dola 600,000, huku vibali vikizunguka meza hadi meza na watu wakiendelea kulala kwenye mahema. Wanataja pia uraibu. Katika jaribio kubwa la Kanada kati ya 2009 na 2013, lililohusisha watu wapatao 2,000 katika miji mitano, waliopewa nyumba walidumu humo kuliko wenzao, lakini katika ulevi na maradhi ya akili tofauti ilikuwa ndogo.

Hili la pili halinishawishi. Nyumba haikuahidiwa kuwa dawa ya pombe, na walevi wenye nyumba zao hatuwafukuzi mpaka wapone.

Kinachoniuma ni swali la mama ambaye nusu ya mshahara wake inaishia kwenye kodi ya pango, na jina lake limekaa miaka katika orodha ya kusubiri nyumba ya manispaa. Kwa nini aliyelala barazani apite mbele yake? Ukimjibu kwamba mwenzake ana shida zaidi, umesema kweli, lakini hujamsaidia. Wawili hawa wanagombanishwa na uchache wa nyumba, na uchache huo una chanzo: ardhi.

Helsinki inamiliki takriban asilimia 70 ya ardhi yake, kwa hiyo ina sauti kuhusu nani ajenge, wapi, na kwa ajili ya nani. Vienna, mji mkuu wa Austria, ilianza kujenga kwa wingi miaka ya 1920 kwa fedha za kodi maalumu iliyotozwa na jiji, na leo jiji lenyewe lina nyumba za kupangisha zipatazo 220,000. Miji mingine imelegeza masharti ya ujenzi, kama Minneapolis ya Marekani, iliyoamua mwaka 2018 kuruhusu hadi nyumba tatu kwenye viwanja vilivyotengwa kwa familia moja. Ni hatua nzuri, ila wenye kipato cha chini kabisa haiwafikii bila ruzuku.

Wapo wanaochagua faini. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu miji kuwaadhibu wanaolala nje. Asiye na nauli atalipa nini? Na rekodi hiyo itamfanya mwenye nyumba ajaye amkatae.

Nakiri manispaa haina nguvu zote. Mwaka huo huo idadi ya wasio na makazi ilipanda Ufini baada ya kushuka kwa miaka mingi, serikali kuu ikiwa imepunguza posho ya makazi. Lakini kiwanja cha umma kikishauzwa kuziba pengo la bajeti, hakirudi kwa bei ile. Ndiyo maana hesabu za halmashauri zikitoka, mimi huanza na ukurasa wa viwanja vilivyouzwa, kisha ndio nitazame ule wa mabweni.