Shamisen Ilizaliwa Ikipiga Kelele

Mwaka 1999 ndugu wawili kutoka Hokkaido, Japani, Ryoichiro na Kenichi Yoshida, wapigaji wa shamisen, ala ya Kijapani ya nyuzi tatu, walitoa albamu ya Ibuki, ikauza nakala zaidi ya 100,000. Baadaye waliichanganya shamisen yao na sinthesaiza, gitaa la besi na midundo ya kompyuta. Muziki wa namna hii una wakosoaji wanaotetea asili ya chombo, na hoja yao nzito ni ya sauti yenyewe. Mpigaji wa mtindo wa Tsugaru, eneo la kaskazini mwa Japani, hubuni papo hapo, huongeza kasi, husita. Mdundo wa kompyuta haumsubiri. Uzi mnene hugusa shingo ya chombo ukatoa mvumo uitwao sawari, na besi ikizidi mvumo huo humezwa. Hasara hiyo ni ya kweli.

Lakini asili inayolindwa ni ipi hasa? Shamisen ilitokana na sanxian, ala ya nyuzi ya China, ikapitia visiwa vya Okinawa, ikaingia Japani bara karne ya 16. Mtindo wa Tsugaru wenyewe ulikuzwa karne ya 19 na vipofu maskini wa kaskazini waliopiga milangoni mwa watu ili wapate chakula. Ukimya ulikuwa njaa kwao. Wakashika shamisen ya shingo nene, wakacharaza uzi na ngozi iliyowambwa kwenye chombo kwa pigo moja, chombo kikawa gitaa na ngoma kwa pamoja. Kilichokuwa mbinu ya ombaomba ndicho leo kinachoitwa utamaduni usioguswa! Kuongeza sauti na mdundo ni kuendeleza kazi yao.

Pwani yetu inaijua habari hii. Tashkota, ala ya nyuzi ya taarab ya Mombasa, ni taishogoto ya Japani, iliyobuniwa na Morita Goro mjini Nagoya mwaka 1912, yenye vibonyezo kama vya taipureta. Ilitiwa umeme, na mashairi ya Kiswahili yakakaa juu yake bila kuyumba.

Narudi kwenye zile nakala 100,000. Yawezekana wengine walinunua kwa sababu ya nywele za ndugu hao zilizotiwa rangi juu ya hakama, vazi la jadi la Kijapani. Hata hivyo walichopeleka nyumbani ni shamisen, na vijana wengi hawakuwa na njia nyingine ya kuifikia. Mwaka 2006 wimbo wa ndugu hao, Kodo, ulisikika kwenye tangazo la Wii, mashine ya michezo ya video ya Nintendo, huko Marekani. Tangazo hukata muziki vipande, nakubali, lakini pigo lile la uzi na ngozi lilibaki mbele, na midundo ya kompyuta ikakaa nyuma yake.